Kiti ya Pembeni

Siku ya kwanza Cibalonza hakusema kitu. Alifungua mulango ya kagari asubui, kitambaa ya kupangusa mukononi, akaona kiti ya pembeni, ile haiko ya shofere, imesukumwa nyuma mupaka mwisho kabisa, pale chuma inagota. Akainama, akavuta kale kachuma ka chini, akaileta mbele tena, akapangusa, akafunga mulango. Akafikiri pengine bwana yake alibeba mufuko ya makala.

Siku ya pili, kiti iko nyuma. Siku ya tatu, vile vile.

Sasa, Cibalonza alikuwa mwanamuke mufupi. Bisimwa bwana yake naye alikuwa mufupi, mwenye kukaa ku kiti ya kanisa miguu inabembea. Batoto walikuwa hawajapata. Basi katika ile nyumba ya mutaa ya Muhungu, nani iko na miguu ya kutuma kiti ifike nyuma vile? Hakuna mutu. Na kama hakuna mutu ndani ya nyumba, iko mutu inje. Bukavu ya ile miaka, mutu mwenye kukaa pembeni ya mwanaume ndani ya kagari ya viti mbili alikuwa na jina moja tu: deuxième bureau, biro ya pili. Mwanaume akipata gari, anapangisha mwanamuke upande ingine ya muji, anaambia bibi yake, "Nachelewa ku biro," na bamama bote banajua ni biro gani.

Na ile kagari ilikuwa ya kuita mambo. Haikukuwa sawa gari zingine. Ilikuwa kijani sawa jani ya ndizi, chini chini, ukikaa ndani unasikia mawe ya barabara inapita karibu na matako. Haikukuwa na kichwa, ilikuwa na turubai tu ya kufunika wakati ya mvua. Mwili yake haikukuwa chuma, ilikuwa kitu sawa plastiki, ukiipiga na kidole inalia ko-ko-ko sawa kibuyu. Siku moja ilizama mu matope ku mutelemuko, banaume bane bakaiinua na mikono, bakaiweka ku gudro, ku lami, banacheka. Bamama ba soko walikuwa banamuchokoza Cibalonza: "Mama, bwana yako anapanda gari ao anavaa gari?"

Lucien, fundi wa gari wa Kadutu, siku alifungua kapo, kifuniko ya moteri, mara ya kwanza, alitosha kofia.

"Huyu mwenye alitengeneza hii," akasema, "alitosha kila kitu yenye haina kazi. Hakuna mafuta ku mwili. Mufupa tu na moyo."

Bisimwa alikuwa anaipenda mupaka inamusumbua. Alikuwa mutu wa maneno kidogo, lakini ukimuuliza juu ya kagari, macho inawaka.

"Camion, ile gari kubwa ya mizigo, unaitumikisha," alikuwa anamuambia bibi yake. "Hii, unafikiri tu, imekwisha kwenda. Nashika volan, inanielezea barabara. Hapa iko muchanga. Hapa maji ilipita. Hapa mutu aliburuta muti jana. Nasikia yote mu mikono. Cibalonza, hakuna mutu anaongea na miye namna ile."

"Hata miye?" Cibalonza akauliza.

Bisimwa akacheka, akainuka, akaenda kuangalia upepo ya pine ya gurudumu.

Ile kagari hakuinunua. Miaka kumi alikuwa kapita, musimamizi wa bakazi, ku shamba ya kinini, ile muti ya dawa ya malaria, ya muzungu mumoja, upande ya Kavumu, jina yake Musiyu Armand. Alikuwa analala kule, anarudi nyumbani Siku ya Posho tu, jumamosi, kwa hiyo Cibalonza hakumujua ule muzungu, hata kumuona. Siku moja moyo ikamupiga Musiyu Armand. Bisimwa njo alimutia ndani ya kagari, akamukimbiza ku hopitali ya misheni, mbele kule upande ya Katana. Bakafika, amekwisha kufa. Kisha mwezi tatu, dada ya marehemu akatuma barua toka Bulaya: kagari ya kaka yangu mupatie Gaston, juu alijaribu kumuokoa.

Gaston ilikuwa jina ya batizo ya Bisimwa. Serikali ilikuwa imekataza majina ya bazungu, basi hakuna mutu tena alikuwa anamuita vile. Siku padri alisoma ile barua mbele ya batu, bote balipiga mikono. Bisimwa peke yake aliangalia chini, sawa mutu mwenye banamusomea makosa. Cibalonza aliona. Akafikiri ni huzuni.

Sasa, na hii kiti, akaanza kufikiri upya kila kitu yenye aliona.

Akamuita Delphine ku lupango, ile kiwanja ya nyumba. Delphine alikuwa jirani, muuzisha sambaza, samaki kadogo ya ziwa, mwenye mudomo mukali na moyo muzuri.

"Dada," Delphine akasema chini chini, "kiti haina miguu."

"Najua."

"Ni mwanamuke murefu. Ule mwenye kuuzisha tiketi ya avion, ku kiwanja ya ndege ya Kavumu, umemuona? Miguu sawa ngazi."

"Lakini harufu haiko ya marashi."

"Ni harufu ya nini?"

Cibalonza akafikiri. Ilikuwa harufu ya kinini, ile uchungu inakushika ndani ya pua, na chini yake harufu ingine, sawa shuka ya mutu mwenye kulala na homa siku tatu.

"Harufu ya dawa," akasema.

Delphine akapiga mikono. "Basi ni infirmière wa hopitali!"

Bakacheka, lakini Cibalonza alicheka na meno tu. Usiku ile akaweka alama ya chaki ku chuma ya kiti. Asubui kiti imepita chaki mbali. Akamufuata Lucien ku garaji, akamuuliza mbele ya batu kama njo yeye anatembeza kagari na banawake, juu Lucien naye alikuwa murefu.

"Mama Cibalonza," Lucien akasema, mikono myeusi na mafuta, "nikikaa mule, magoti inafika ku masikio. Tena nikuambie kitu. Kila mara bwana yako analeta kagari hapa, kiti ile ya pembeni iko na moto. Moteri imekwisha kupoa, kiti bado. Nilifikiri ni weye ulikuwa umekaa."

"Sikukaa hata siku moja. Hajanibeba."

Lucien akarudia chini ya gari yenye alikuwa anatengeneza, na hakutoka tena mupaka Cibalonza alipokwenda.

Siku ya Mungu, Cibalonza akapanga mutego. Mbele ya misa akavuta kiti mbele yeye mwenyewe, akafunga milango, akakaza turubai, akatia ufunguo ndani ya fundo ya kitambaa yake. Akafunga lupango na kufuli. Bisimwa alikuwa pembeni yake misa yote; Cibalonza alimushika hata mukono, sawa bibi arusi, juu asipotee. Bakarudi saa sita, jua kali, kiangazi, mwezi ya saba, ku muji yote hakuna tone ya maji.

Kufuli iko vile aliiacha. Kagari iko pale. Na mapine ilikuwa na matope mbichi, nyekundu, inatoa maji.

Cibalonza akasogea polepole. Kiti ilikuwa nyuma. Ngozi yake ilikuwa imeingia ndani, sawa godoro yenye mutu ameinuka sasa hivi. Lakini haikukuwa inapanda, ilibaki ndani. Na kioo ya upande ile, upande moja tu, ilikuwa na mvuke. Kamvuke kadogo, sawa mukono ya mutoto. Kakaenea. Kakapunguka. Kakaenea. Kakapunguka. Cibalonza akasimama pale mupaka alijua anachohesabu: ilikuwa pumzi.

Hakulia. Akamuangalia Bisimwa. Na kitu yenye ilimuogopesha haikukuwa ile kioo. Ilikuwa uso ya bwana yake. Bisimwa hakushangaa.

"Usiangalie sana," akamuambia na sauti ya chini. "Anachoka haraka."

"Nani?"

Bisimwa akaingia ndani ya nyumba.

Siku ile yote Cibalonza akamuangalia sasa bwana yake sawa mutu anaangalia mugonjwa. Akaona kile hasira ilikuwa imemuficha: shingo ilikuwa imekonda, kola inazunguka. Mikono ilikuwa inatetemeka mupaka ashike kitu ya mviringo, kikombe ao sahani, njo inatulia. Na kila Siku ya Kwanza, jumatatu, bila kazi, bila sababu, alikuwa anachukua barabara ya Kavumu, anarudi magaribi, na homa. Cibalonza alikuwa anafikiri bwana yake anaenda kwa mwanamuke. Sasa alitamani ingekuwa mwanamuke.

"Kesho naenda na weye," akasema.

"Hapana."

"Viti iko mbili."

"Cibalonza, nakuomba. Ile haiko kiti yako."

"Ni ya nani?"

Bisimwa akaenda kulala. Basi asubui Cibalonza akavaa viatu, akavuta kiti mbele, akakaa.

Na musimuone mubaya, lakini mwanzo ile safari ilikuwa tamu. Batu ba Muhungu bakatoka kuangalia. Delphine akapiga kigelegele, "Eh, leo deuxième bureau ni premier, bibi wa kwanza!" Kagari ikashuka, ikageuka, ikapanda, nyepesi sawa mutu mwenye kukimbia bila viatu, ikipita viraji, zile kona ya barabara, haiinami, inashika barabara sawa kidole inafuata mushono. Upepo ikamuondolea kitambaa. Bakapita Mudaka, mashamba ya maharagi, batoto banapunga mikono. Cibalonza akacheka, akamuona bwana yake pia anacheka, kijana tena, na akaelewa vile mutu anaweza kusahau kila kitu ndani ya hii kitu, hata jina yake, hata kule anaenda.

Kisha Kavumu, gudro ikaisha. Na chini yake kiti ikasema: tak.

Ikarudi nyuma alama moja. Cibalonza akashika mulango. Tak. Alama ingine. "Bisimwa," akasema. Bwana yake hakugeuza kichwa. Alikuwa anaangalia barabara na midomo inasema kitu bila sauti. Tak, kiti ikagota mwisho, na kule ndani ya ile ngozi yenye alikuwa amekalia, Cibalonza akasikia kitu inapanda chini ya mapaja yake, ngumu, miviringo mbili, ikabaki pale, na akili yake ikakataa kuiita jina mupaka mwili ikaiita mbele, juu kila mutu alishapakatwa akiwa mutoto na mwili haisahau, ilikuwa magoti, alikuwa amekaa juu ya magoti ya mutu, magoti marefu yenye moto ya homa inapita ku kitenge ya liputa yake, na mugongo yake ilikuwa inagusa kifua yenye kupanda na kushuka, kupanda na kushuka kwa shida, na harufu ya kinini ikamujaa mudomo, na akataka kufungua mulango ajitupe inje ku mawe, lakini karibu na sikio yake, pale nywele inaanza, pumzi ikamugusa, na sauti ya mutu mugonjwa sana, mwenye heshima, mwenye kuomba musamaha kwa kusumbua, ikasema:

"Gaston. Ni hapa. Kata hapa."

Mbele kulikuwa njia yenye kutoka barabara kubwa na kwenda ku hopitali ya misheni. Kibao nyeupe, musalaba. Bisimwa akakata volan na mikono mbili, mishipa ya shingo ikasimama. Na kagari, ile yenye ilikuwa inasikia hata kidole moja, ikakataa. Ikaenda mbele moja kwa moja, tamu, nyepesi, sawa hakuna mutu aliyeishika. Kibao ikapita. Nyuma ya sikio ya Cibalonza mutu akalia kidogo, bila nguvu, vile bagonjwa banalia banapojua hakuna mutu anawasikia.

Ilisimama yenyewe viraji tano mbele, pale ziwa inaonekana chini yote. Cibalonza akatoka anaanguka, akatapika ku majani. Bisimwa akakaa chini pembeni ya pine.

"Alikuwa hajakufa," akasema.

Cibalonza akapangusa mudomo.

"Siku ile. Alikuwa anaongea. Akanipatia ufunguo. Miaka kumi nilikuwa naosha ile kagari, hakuniacha niishike hata siku moja, na siku ile akasema, Gaston, endesha. Nikaendesha. Cibalonza, weye umesikia vile inaenda! Nilikuwa namukimbiza kweli, Mungu anajua, nilikuwa namukimbiza. Kisha akasema, ni hapa, kata hapa. Nikaona kibao. Na kulikuwa viraji moja mbele, ile kubwa, kila mara alikuwa anapita pale anacheka peke yake. Nikajisemea, ile moja tu. Kisha nitageuka. Nikapita ile. Nikapita ingine. Alikuwa ananiita. Nilisikia. Mikono haikutaka. Nilipogeuka, alikuwa ameacha kuita."

"Na dada yake akakupatia kagari."

"Juu nilijaribu."

Cibalonza alitaka kumupiga. Mukono ilipanda, kisha akaona namna shingo yake ilivyokuwa nyembamba, mukono ikashuka ku bega. Bakarudi Bukavu bamesimama nyuma ya camion ya viazi. Kagari, Lucien aliivuta na kamba kesho yake. Hakukubali kuikalia.

"Ni jini," Delphine akasema, na safari hii hakucheka. "Muende Mudaka, kwa mukaka Virginie, ule mama muzee."

Ule Virginie alikuwa ametumika miaka makumi mbili ku hopitali, kufagia, kunawisha bagonjwa, kufunika batu bamekufa. Kisha akarudilia dawa za miti za nyanya yake. Alikuwa na rozari ku shingo na saa kubwa ya infirmière ku kifua, yenye haikutembea tena. Bakamuletea kagari na kamba mupaka ku mulango yake. Hakupiga ngoma, hakuchoma kitu. Akafungua mulango ya pembeni, akanyoosha mukono pale kichwa ya mutu ingekuwa, akaiweka kule hewani, akaiacha.

"Homa iko juu," akasema. "Alianza kuumwa saa ngapi?"

Bisimwa akajibu, "Saa ine ya asubui, Siku ya Kwanza. Mwaka jana, mwezi ya tisa."

"Alikunywa maji?"

"Hapana."

"Aliomba?"

Bisimwa akainamisha kichwa. "Aliomba."

"Mukaka," Cibalonza akasema, "ondoa hii jini."

"Jini naijua. Jini unaifukuza, inaogopa, inakimbia. Huyu nimufukuze aende wapi? Huyu ni mugonjwa hajafika." Akamugeukia Bisimwa. "Weye ni mutoto wa huku. Ulishabeba kipoyi?"

Bisimwa akaitika. Kila mutu wa ile milima alishabeba. Mutu akigonjwa mbali, banaume banamulalisha ku machela ya miti, bane bane, banashuka naye mupaka ku hopitali, na mwenye kuwakuta ku njia anaacha jembe yake, anatia bega bila kuambiwa.

"Ulishaona batu ba kipoyi banapita ku hopitali juu barabara ya mbele ni nzuri?"

Bisimwa akaanza kulia.

"Uliinua mutu, hukumuteremusha. Kila Siku ya Kwanza bado uko naye ku njia. Na mugonjwa anachoka, mwanangu. Siku atachoka kabisa kungoja, atabadilisha kiti. Atakaa yeye pa volan. Weye utakuwa pembeni, na kuita, na hakuna mutu atakusikia."

"Tufanye nini?" Cibalonza akauliza. "Miye nataka tu bwana yangu nyumbani."

"Mumufikishe. Lakini si na moteri. Mikono ya bwana yako hatuwezi tena kuiamini. Na mabega."

Bakavuta kagari na camion ya Lucien mupaka mita mia tano mbele hawajafika ku ile njia ya hopitali. Bakapitisha miti mbili ndefu chini yake, bakakaza kamba. Zamani banaume bane waliinua ile kagari banacheka. Sasa walikuwa munane, Bisimwa mbele, na walipotia mabega, hakuna aliyecheka. Miti ikalia. Jasho ikatoka mbele hawajapiga hatua. Lucien akasema kati ya meno, "Huyu anakula nini," kisha akanyamaza, juu mulango ya pembeni ulikuwa umejibu, tak, sawa kiti inapangwa vizuri.

Bakaenda. Cibalonza na Virginie pembeni, Virginie anapepea kiti na jani, anasema maneno ya kubembeleza. Batu ba mashamba bakasikia ile hatua ya kipoyi, bakatoka. Bakaona gari ku mabega ya batu. Hakuna aliyeuliza. Mwanamuke mumoja akafanya alama ya musalaba, bwana yake akaweka jembe chini akaingia chini ya muti, na bengine batatu nyuma yake.

Bakafika ku kibao nyeupe. Na pale ile uzito ikaanza kuvuta. Haikuvuta chini, ilivuta mbele, ku barabara kubwa, ku viraji. Ikaburuta banaume kumi na mbili, miguu inalima vumbi, na Bisimwa mbele yao bote, uso yake inageuka kuwa ile ya mwanaume mwenye kusikia kitu tamu, mikono yake ku muti inashika sawa inashika volan, na Cibalonza akaona anaanza kucheka.

Akamukimbilia mbele. Akasimama katikati ya barabara, mufupi vile alikuwa, akamushika mashavu.

"Muambie!" akapiga kelele. "Muambie yeye, haiko miye!"

Bisimwa akamuangalia sawa hamujui. Midomo ikacheza.

"Musiyu," akasema. "Nilikusikia. Nilipita kwa raha yangu."

Kitu ikakatika ndani ya ile uzito. Haikuondoka, ikageuka tu, polepole, na banaume bakageuka chini yake, bakaingia ku njia ya hopitali.

Mu kiwanja bakateremusha. Mulango ya pembeni ukafunguka wenyewe, taratibu, vile unamufungulia mutu mwenye heshima. Kagari ikapanda juu ya mapine yake kidole moja, nyepesi tena. Banaume bakaanguka chini, banacheka na kulia, banakumbatiana. Ku baraza, ubao ukalia chini ya muguu. Kisha ubao wa pili. Kisha wa tatu, mbali zaidi, ndani.

Cibalonza alimushika bwana yake na mikono yote mbili. Ngozi yake ilikuwa baridi. Homa imekwisha. "Twende nyumbani," akamuambia. "Twende sasa."

Lakini infirmière alikuwa ametoka, na kitabu yake ya kuandika bagonjwa. Alikuwa kijana, alikuwa na haraka. Hakuona kitu yoyote; aliona tu batu bengi bamechoka, na alama ya viatu, ndefu, nyevu, ku simenti ya corridor yake.

"Mugonjwa amekwisha kuingia?" akauliza. "Muzuri. Gardimaladi ni nani?"

Akafungua kitabu ku ukurasa mupya.

"Nauliza, nani atakaa naye? Nani atamupikia, nani atamunawisha? Hapa hatupokee mugonjwa bila mutu wake."

Ni vile iko ku kila hopitali ya kwetu. Mwenye kuleta njo mwenye kukaa. Cibalonza akamuangalia Virginie, na Virginie akaangalia ile saa yake yenye kufa.

"Mupaka wakati gani?" Cibalonza akauliza.

"Unajua weye mwenyewe. Mupaka mugonjwa akufe ao apone."

"Lakini alikwisha kufa!"

"Njo ile," mukaka akasema. "Ile mulango ya kufa haiwezi tena kumutosha."

Bisimwa alikuwa amekwisha kujitosha mu mikono ya bibi yake. Alifanya polepole, bila nguvu. "Miye," akaambia infirmière. "Andika Gaston."

Bakamupatia chumba ya mwisho, ile hawakuwa banaitumia. Masista balifikiri ni mutu mwenye huzuni imemupiga kichwa. Bakamuhurumia, bakamuacha afagie corridor na alale pale, ku kirago, pembeni ya kitanda yenye kila mutu alikuwa anaiona tupu. Kagari ilibaki nyuma ya jikoni, kuku zikatagia ndani.

Cibalonza alikuwa anapanda camion kila Siku ya Posho, na bugali ndani ya kitunga, na sambaza ya Delphine. Anapika ku majiko ya inje pamoja na bamama bengine ba bagonjwa. Anapakula sahani mbili, moja ya Bisimwa, moja ya ule mugonjwa. Mwezi ya kwanza, sahani ya pili ilikuwa inarudi vile ilikwenda. Alikuwa anaimwaga nyuma ya ukuta na kumushukuru Mungu. Bwana yake alikuwa ananenepa. Mikono haikutetemeka. Akajisemea, kidogo kidogo atachoka na hii kazi, atarudi.

Mwezi ya ine, sahani ya pili ikarudi nusu.

Siku ya Posho ya mwisho ya mwaka ikarudi imelambwa, na Bisimwa akaileta yeye mwenyewe mupaka ku majiko, anatembea haraka, macho inawaka, vile hakumuona tangu zamani. Akachuchuma karibu yake, akasema chini chini, juu bamama bengine basisikie:

"Anapona, Cibalonza. Jana alikaa. Leo alisimama, akafika mupaka ku mulango, amenishika bega."

Cibalonza alibaki na mwiko mukononi. "Basi weye utarudi nyumbani," akasema.

"Njo yenye tulikuwa tunaongea, miye na Musiyu. Hana ndugu huku, unajua. Anauliza, siku banamutosha ku hopitali, kama kwetu iko chumba."

"Na weye ulisema nini?"

Bisimwa akamuchekea na upendo.

"Nilimuambia iko."